Tairi la Mbele la Kadar

Jumatatu, 10 Machi 2025

Kitabu hiki kikipotea, ni cha Nzivo, fundi wa pikipiki kubwa, kibanda cha mabati ya bluu nyuma ya kituo cha mafuta, Komarock, Barabara ya Kangundo.

Mke wangu Waruguru alipewa na shule anakofundisha watoto wa chekechea. Amesema niandike humu vipimo vya mashine za watu, niache kuviandika ukutani kwa chaki. Mvua ya kwanza imenyesha leo nikiwa nimelala chini ya pikipiki. Ilipiga mabati ghafla, spana ikanitoka mkononi. Nilikuwa na kazi moja tu, kubadilisha mnyororo.

Jumatano, 12 Machi

Kadar amekuja saa nne, midomo imemkauka kwa saumu. Ana miaka ishirini na saba. Yeye na dada yake mkubwa, Falis, wanauza vitambaa kwa jumla Eastleigh, na pesa yake ya kwanza kubwa aliitia kwenye pikipiki ya mbio yenye injini ya cc mia sita. Ni mteja wangu tangu alipoinunua. Mimi sina mdogo wa kiume, na siku nyingine nikimsikia akiingia uani hufikiri kwamba ningekuwa naye, angekuwa hivi.

"Fundi, inakataa kulala," akasema. "Nikiingia kona inasimama wima. Nikiisukuma, inaanguka ghafla."

Nikampigisha magoti nyuma ya pikipiki nikamwonyesha. Tairi la nyuma limeliwa katikati, limekuwa bapa kama ubao. Wiki nzima yeye huendesha barabara zilizonyooka, Outer Ring na Thika Road, kisha Jumapili anataka kona. Nikamweleza kwamba tairi la pikipiki si kama la gari. Lina mgongo wa mviringo, na ukilala unatembea juu ya bega lake. Likiliwa katikati, bega linaota ukingo. Pikipiki inaupanda ule ukingo kwa shida, halafu inaporomoka upande wa pili.

"Na la mbele?"

"La mbele halina neno. Mifereji bado mirefu."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Naandika kwa sababu ndiyo kazi ya kitabu hiki.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Hakuna kazi.

Jumanne, 18 Machi

Nimepata matairi. Mzee mmoja wa Umoja aliyeacha mashindano anamaliza vitu vya stoo yake, na alikuwa na jozi ya matairi ya uwanjani, mpira laini, mgongo wake umechongoka kuliko ya barabarani. Tairi la namna hiyo likiwa na joto hushika lami kama ulimi wa paka. Ukilala, bega lake ni pana, unaliamini.

Mzee aliniambia, "Yamekaa sana, Nzivo. Mimi singeyaendesha kwenye mvua."

Niliyageuza kwenye mwanga. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne: wiki na mwaka wa kutengenezwa. La nyuma ni la 2022. La mbele ni 3817, yaani wiki ya thelathini na nane ya mwaka 2017. Nikalibonyeza kwa kucha. Likabonyea kidogo. Nikajiambia limewekwa gizani, halijapigwa na jua, ni sawa na jipya.

Ningeweza kuchukua la nyuma peke yake. Lakini nilitaka jozi. Kwa miaka kumi na minne nimetengeneza pikipiki za watu wanaotaka zipige kelele na zing'ae. Mara hii nilitaka kutengeneza moja inayopinda.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemfungia Kadar matairi yote mawili. Vipimo vya upepo: mbele thelathini na tatu, nyuma thelathini na moja, yakiwa baridi. Nimeongeza washa, kipete kinene cha chuma, juu ya shoku ya nyuma, mkia umepanda milimita nane. Mkia ukipanda, pua inainama, uzito unakwenda mbele, na pikipiki inageuka upesi.

Tairi lake la zamani la mbele, lile lisilo na neno, nimelitundika ukutani.

Kadar alikuwa amesimama mlangoni akinitazama. "Haya ni mapya, fundi?"

"Yamekaa kidogo. Hayajatumika sana."

"Wewe ndiye unajua," akasema, akaenda kuswali.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Kadar ametuletea sahani ya pilau na sambusa, imefunikwa kwa kitambaa kizuri. Alimletea Waruguru kitambaa kile pia, abaki nacho. Mwanangu Kim alikaa juu ya pikipiki akipiga honi mpaka majirani wakachungulia.

Jumapili, 6 Aprili

Leo mvua imepumzika. Vijana wamekwenda Kona Baridi, kule Barabara ya Magadi inakoanza kuteremka, nami nikapakiwa nyuma ya mmoja wao. Nilikaa juu ya jiwe pembeni ya kona ya pili nikawatazama wakipita.

Kadar alipita mara sita. Mara ya kwanza alikuwa anajaribu. Mara ya tatu alikuwa amesahau kwamba anajaribu. Pikipiki ililala kwa mkunjo mmoja kuanzia mwanzo wa kona hadi mwisho, haikutikisika, goti lake likiwa kiganja kimoja kutoka kwenye lami. Sijaona kazi yangu ikienda vizuri namna ile.

Alipofika alivua helmeti. Halafu akasema, "Fundi, nikifikiria tu, yenyewe imeshaenda."

Johnson naye alikuwepo. Huyu ni kinyozi wa Buruburu mwenye pikipiki nyekundu na mdomo usiofungwa. Anampiga kila mtu picha, anampa kila mtu ushauri. "Huyu Nzivo ni daktari," akawatangazia. Simpendi sana, lakini nilifurahi.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Maji yameingia kibandani hadi kwenye kifundo cha mguu. Nimeinua mashine zote juu ya mbao.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu, lakini nilifungua asubuhi. Kadar alipita akitoka Muthurwa kuona mteja, nguo zimelowa.

"La mbele liliteleza kidogo kwenye mzunguko," akasema. "Nilikuwa polepole kabisa. Kidogo tu, likarudi."

Nikamwambia tairi la uwanjani linahitaji kupata joto, aendeshe taratibu dakika kumi kabla ya kuliamini. Nikalipunguza upepo hadi thelathini ili lifanye joto upesi. Alikuwa anatetemeka kwa baridi. Barabara yote ya Jogoo ilikuwa mto.

Tairi la zamani lilikuwa ukutani, mita mbili kutoka nilipochutama. Kulirudisha ni kazi ya nusu saa. Niliwaza: nikilirudisha, ataniuliza sababu.

Jumapili, 27 Aprili

Simu ilipigwa saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Nilikuwa nimevaa kwenda kanisani na Waruguru. Ilikuwa namba ya Johnson, lakini sikuitambua sauti, kwa sababu alikuwa anaongea polepole.

"Fundi, Kadar ameanguka. Anapumua. Anasema hasikii miguu. Tumemwambia asisogee."

Nikamwuliza wapi. Kona Baridi, kona ya pili. Nikamwuliza kuna mvua. Akasema manyunyu, na ukungu, na upepo baridi. Nikamwuliza mlikuwa mwendo gani. Akasema, "Fundi, hata themanini hatukuwa. Tulikuwa tunatafuta mahali pa chai."

Nilimwacha Waruguru mlangoni na Biblia yake, nikapanda matatu ya kwanza niliyoipata hadi mjini, kisha nyingine hadi hospitali walikokuwa wakimpeleka. Nilifika kabla yao. Nilisimama nje kwenye mvua saa nzima kwa sababu sikujua nikiingia niseme mimi ni nani wake.

Waliposhusha machela, uso wake ulikuwa safi kabisa, hauna hata mkwaruzo. Helmeti ilikuwa imefanya kazi yake. Koti pia. Alikuwa macho. Aliponiona akasema, "Fundi, nimeiharibu mashine yako. Nisamehe."

Mashine yako, alisema.

Johnson alinieleza yote tukiwa kwenye benchi la korido, mikono yake ikiwa na matope hadi viwikoni. Yeye alikuwa nyuma ya Kadar kwa umbali wa magari mawili. Kadar aliingia kona kwa ulaini, akalala kidogo tu, si kama siku ile ya jua. Halafu tairi la mbele likaondoka. Hakuna kutikisika, hakuna kuyumba. Pikipiki ilikuwa juu ya matairi, halafu ikawa chini. Pikipiki ilikwenda upande wake, na Kadar akateleza kwa mgongo hadi kwenye nguzo ya kingo za barabara. Aliigonga kwa kiuno.

Falis alifika saa sita, amevaa buibui nyeusi, na mama yao akiwa amemshika mkono. Huyu Falis huwa namwogopa kidogo. Nikienda dukani kwao hunitazama kama mtu anayepima yadi. Leo hakunitazama. Alipita moja kwa moja kwa daktari, akaongea naye amesimama wima, kisha akarudi akamwambia mama yao kwa Kisomali. Mama aliketi sakafuni, pale pale kwenye korido.

Uti wa mgongo umevunjika. Watampasua kesho.

Jumatatu, 28 Aprili

Upasuaji umechukua saa tano. Daktari amesema wameunganisha mfupa, lakini mshipa ulio ndani yake hauunganishwi.

Jumatano, 30 Aprili

Vijana wameleta pikipiki ya Kadar kwa pikapu. Nilingoja waondoke, nikafunga mlango.

Breki ni nzima. Waya za taa ni nzima, zote. Nilibonyeza breki ya mbele, taa ya nyuma ikawaka, ingawa kioo chake kimevunjika. Shoku za mbele zimepinda, lakini ni kwa sababu ya kuanguka. Nilikuwa natafuta kitu kingine chochote.

Halafu nikachukua taa nikalitazama tairi la mbele. Ndani ya mifereji kuna nyufa ndogo ndogo kama za kisigino kilichokauka. Begani, upande wa kushoto, kuna alama iliyong'aa, ndefu kama kidole. Tairi linaloshika huacha ngozi yake kwenye lami. Hili lilipita juu ya maji kama kigae. Niliweka ukucha wangu pale pale nilipouweka Umoja, nikabonyeza kwa nguvu zote. Haukuingia. Siku ile stoo ilikuwa na joto la mchana. Leo kuna baridi.

Nimelifunika kwa gunia.

Jumamosi, 3 Mei

Nimemwona Kadar wodini. Amelala chali, kiunoni kuna mifuko ya mchanga. Johnson alikuwa pale, amekuja na wembe, povu na taulo, anamnyoa ndevu taratibu huku akisimulia upuuzi wa wateja wake. Nesi aliniambia huja kila siku kabla ya kufungua kibanda chake cha kunyolea.

Kadar hakuwa anasikiliza upuuzi ule. "Fundi, nimekumbuka," akasema. "Nilishika breki. Katikati ya kona, nilishika breki ya mbele. Lazima nilishika."

Johnson akasimamisha wembe. "Taa haikuwaka, Kadar. Mimi nilikuwa nyuma yako."

"Basi hukuona."

Wote wawili wakanitazama mimi. Nikasema, "Huenda waya ya taa ilikuwa imekatika."

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Kadar amesema hakuwa ameshika breki, alitazama lori lililokuwa likipanda. Macho yakienda kwenye lori, pikipiki nayo huenda huko. Akaniuliza kama ni kweli. Nikasema mara nyingine huwa hivyo.

Jumamosi, 10 Mei

Leo kwa Kadar kosa ni mafuta. Anasema aliachia mafuta ghafla. Ameomba karatasi, amechora kona, ameweka alama: hapa niliingia, hapa nikaachia. Ana karatasi nane au tisa chini ya mto.

Mama yao amekaa kwenye kiti, anamlisha. Kila akimaliza kuchora, anamwambia mama, ambaye humwita Hooyo, maneno fulani kwa Kisomali, yaleyale, na mama anamziba mdomo kwa vidole.

Jumanne, 13 Mei

Falis amekuja kibandani. Nilimwona akivuka matope kwa viatu vizuri, akichagua pa kukanyaga, nikajua hakuna pa kwenda. Alikuja kuchukua buti na glavu za Kadar.

Hakuondoka. Alitembea kuizunguka pikipiki, mikono nyuma, kama anavyotembea kati ya marobota.

"Johnson anasema taa ya breki haikuwaka," akasema.

"Huenda hakuona."

"Johnson anaongea sana, lakini sijawahi kumsikia akiongopa." Akasimama mbele ya lile gunia. "Fundi Nzivo, mimi sijui pikipiki. Najua kitambaa. Kitambaa kikikaa ghalani miaka, kwa nje unakiona kizima, rangi ileile. Ukikikunjua kinakatika pale penye mkunjo. Mteja hawezi kujua. Mimi najua, kwa hiyo humwambia kabla sijakata. Akitaka kununua, amenunua akijua."

Nikasema, "Ndiyo, dada."

Alingoja. Nilisikia matone yakianguka kutoka kwenye bati moja hadi jingine. Nilikuwa na maneno mdomoni, niliyahisi, yalikuwa na ladha ya chuma. Kisha mtu mmoja akaingia kuomba kujaza upepo, nikainuka upesi kama niliyeokolewa. Nilipogeuka, Falis alikuwa ameshafika barabarani.

Kwa miaka mitatu nilimwona Falis kuwa mwanamke mwenye maringo tu.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua. Sikufungua.

Jumapili, 18 Mei

Nimemwambia Waruguru. Alikuwa anachambua mchele mezani, Kim akiwa ametumwa dukani. Nilianza kwa tarakimu zile nne, nikamalizia kwa waya.

Nilitarajia atanishika mkono. Aliendelea kutoa vijiwe kwenye mchele, kimoja kimoja, akiviweka pembeni.

"Ulijua mwezi wa tatu," akasema.

"Nilijua tarehe. Sikujua itakuwa hivi."

"Ukajua tena lilipoteleza."

"Ndiyo."

"Na tangu aanguke, kila ukienda anakuuliza alikosea wapi, na wewe unakubali."

"Sijakubali. Nimesema huenda."

Hapo ndipo aliponitazama. "Baba Kim, yule kijana amelala pale anajipiga kila siku kwa fimbo yako. Miguu huwezi kumrudishia. Hilo unaweza." Akainuka akaweka sufuria motoni. Hajaniambia neno jingine hadi sasa ninapoandika.

Jumatano, 21 Mei

Kadar amerudishwa nyumbani, Eastleigh. Johnson alipanga vijana wanne wakambeba ngazi mbili.

Alhamisi, 22 Mei

Nilifika hadi mlango wa jengo lao. Nikarudi.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua kubwa. Sikwenda.

Jumapili, 25 Mei

Nimekwenda saa nne asubuhi. Falis alifungua mlango, akanitazama usoni, akasogea nipite bila kuuliza. Kitanda kimewekwa sebuleni, karibu na dirisha. Wamekiweka hivyo aone barabara, lakini yeye amegeuzia uso ukutani, na ukuta umejaa zile karatasi. Nilihesabu hadi kumi na saba nikaacha.

Mama aliniletea chai ya maziwa yenye hiliki. Amekonda. Kadar naye mikono imekuwa myembamba kama ya mtu mwingine.

"Fundi, njoo uone," akasema kabla sijaketi. "Sasa nimepata. Niliingia mapema mno. Tazama. Nilipaswa kungoja hapa, na mimi nikageuka hapa."

"Kadar, sikiliza."

"Mita mbili tu. Ningengoja mita mbili."

"Tairi la mbele lilikuwa la mwaka elfu mbili na kumi na saba," nikasema. "Nilijua nilipolinunua. Aliyeniuzia alinionya juu ya mvua. Mpira ulikuwa umekufa. Ulipokuja ukasema limeteleza, nilijua sababu, na badala ya kulitoa nikalipunguza upepo. Lako la zamani lilikuwa zima, lilikuwa ukutani. Taa ya breki ilikuwa nzima. Nimeijaribu kwa mkono wangu."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi zaidi. Hayo ndiyo yaliyotoka.

Kadar alibaki na kalamu hewani. Falis alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, na mama akitazama midomo yetu mmoja baada ya mwingine, maana Kiswahili chake ni kidogo.

"Nilikuuliza kama ni mapya," Kadar akasema.

"Uliniuliza."

"Ungesema, ningekuambia rudisha lile la zamani. Ningecheka tu. Hata nisingekukasirikia."

"Najua."

"Kwa nini hukusema?"

Nikamwambia ukweli, ingawa ni mdogo na wa aibu. Nilitaka kuona pikipiki niliyoitengeneza ikipita kona vizuri. Baadaye nilitaka aendelee kunitazama kama alivyonitazama siku ile.

Chini barabarani mtu alikuwa akitangaza bei za viatu kwa kipaza sauti, akirudia, akirudia. Halafu Kadar akasema, "Niambie kona."

"Vipi?"

"Nimewaeleza watu hii kona siku ishirini na nane. Leo wewe niambie mimi."

Nikamwambia. Nikamwambia aliingia mahali pake, Johnson aliona. Mwendo wake ulikuwa wa kwenda kunywa chai. Alilala kidogo tu. Mimi nilikuwa nimeinua mkia, kwa hiyo uzito mwingi ulikuwa mbele, juu ya mpira baridi uliokuwa mgumu kama kisahani. Maji yalikuwa chini yake na mifereji yake ni michache. Lilipoondoka, liliondoka lote. Kutoka hapo hadi chini ni chini ya sekunde.

"Ningeiinua kwa goti?"

"Usingeweza."

"Ningeachia usukani?"

"Hapana."

"Ningefanya nini, fundi?"

"Hakuna. Mtu yeyote angeanguka pale. Hata yule mzee wa mashindano."

Aliweka kalamu juu ya shuka, sambamba na mguu wake. "Basi sikukosea."

"Hukukosea. Ulikuwa unaendesha vizuri."

Akafunika macho kwa kiwiko. Kifua chake kilipanda na kushuka, na sikujua kama analia au anapumua tu. Akamwambia mama yake kitu kwa Kisomali, kirefu, sauti ikikatika. Mama alipiga magoti kando ya kitanda akaweka paji la uso juu ya mkono wake. Kadar akasema bila kuondoa kiwiko, "Kila siku nimekuwa nikimwomba Hooyo msamaha. Kila siku. Na wewe ulikuwa umekaa pale kwenye kiti, unasikia."

"Nilikuwa nasikia."

"Nenda. Usirudi mpaka nikuite. Na huenda nisikuite kamwe."

Falis alinisindikiza hadi kwenye ngazi. Nilifikiri atanitukana, na ningeshukuru. Alisema, "Utayaandika yote, tarehe kwa tarehe, na utatia sahihi. Lile tairi usilitupe, nitalichukua. Na Kadar akitaka kuwaambia wenzake, sitamzuia."

"Sawa, dada."

"Siku ile nilikuja kwako kwa miguu yangu," akasema. "Nilikufungulia mlango kabisa."



Jumatatu, 26 Mei

Nimeandika. Kurasa nne. Falis alituma msaidizi wa duka, akachukua karatasi na tairi.

Jumanne, 27 Mei

Johnson amekuja kuchukua pikipiki yake nyekundu. Nilikuwa nimeshaifungua injini nusu. Nikamwambia anipe siku mbili niifunge. Akasema, "Nitaimalizia kwingine." Akaokota bolti na nati zake mwenyewe kutoka kwenye trei, akizitia kwenye mfuko wa plastiki, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona akifanya kitu bila kuongea.

Alipomaliza akasimama. "Nilimwambia Kadar ni waya. Nilikuwa najua nilichoona, lakini nikamwambia ni waya, kwa sababu wewe ulisema. Kwa wiki tatu nimekuwa nikifikiri nilichoona hakina maana."

"Nisamehe, Johnson."

"Mimi?" akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uchovu. Yeye na rafiki yake wakaisukuma pikipiki hadi kwenye pikapu, katika matope, na nilipokwenda kusaidia akanizuia kwa mkono.

Alhamisi, 29 Mei

Pikipiki tatu zaidi zimechukuliwa na wenyewe. Manyunyu.

Jumapili, 1 Juni

Waruguru ameniuliza nataka chai au uji. Ni maneno mengi kuliko ya wiki nzima. Kim anauliza kwa nini Kadar haji tena. Nikamwambia ameumia, na mimi ndiye niliyekosea. Akauliza kama nimeomba msamaha. Nikasema nimesema ukweli, ila msamaha sikuthubutu kuuomba. Akatafakari, akarudi kwenye daftari lake.

Jumatano, 4 Juni

Mvua imekwisha. Asubuhi hii barabara imekauka na vumbi limeanza kuinuka. Nilikuwa natafuta ufunguo wa kufuli simu ilipolia. Ujumbe wa Falis:

"Kadar leo amekula kwa mkono wake. Amezitoa karatasi zote ukutani. Hajauliza kona tangu Jumapili ile. Usijibu."

Niliusoma nikiwa nimesimama, kisha nikausoma tena. Sikujibu. Nimefungua saa mbili, nimefagia, nimekaa. Hakuja mtu.